Kijiti cha Mninga

Rinzin, mkaguzi wa minofu ya sangara kule kiwandani,
kaja na mfuko wa rambo,
ndani yake picha imeviringishwa kama mkeka wa mtoto.
Kaikunjua mezani kwangu, kati ya vioo na misumari,
hapa Mlango Mmoja, saa nne, bati limeshaanza kulia kwa jua.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Mtu wa buluu iliyoiva hadi ikawa nyeusi.
Macho matatu. Meno nje. Taji la mafuvu,
na moto umemkaa mgongoni kama kanga iliyoshikwa na upepo.
"Mashetani siwawekei fremu," nikasema.

Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Huyu ni wangu, fundi Nshoma. Nilikabidhiwa kwake nina miaka tisa,
kwetu mlimani, ambako ziwa huganda watu wakapita kwa miguu.
Mchoraji aliyaacha macho hadi siku ya mwisho.
Kabla ya macho ni rangi tu.
Na ukali ule hauji kwangu.
Unapita juu ya bega langu, unamwendea aliye nyuma."

Hakutaka kioo. Hakutaka fremu.
Kijiti cha chini tu, kilichovunjika safarini,
na pazia la hariri lirudi mahali pake,
maana hatazamwi ovyo.

Nikachonga mninga, nikapiga msasa,
na mkono ukiwa kazini akili ikapanda Igogo, kwenye mawe:
mbwa mwenye kichaa anateremka na povu,
mimi miaka sita, nimesimama kama mche wa sabuni.
Mama akatoka jikoni.
Masizi hadi kwenye kope, nywele zimefumuliwa nusu,
mkono huu mwiko, mkono huu koleo na kaa jekundu,
na matusi ya Kisukuma ambayo sijayasikia tena, hata mwaloni.
Nilimkimbia yeye.
Si mbwa. Yeye.

"Shilingi ngapi?"
"Elfu nne."
Akatoa tano. Nikasahau chenji, naye hakudai.

Nyumbani ninayo picha ya mama, kioo nilikikata mwenyewe.
Ya studio: poda, hereni za kuazima, tabasamu.
Jana usiku nimeitazama mpaka umeme ukakatika.
Mama mzuri. Mpole.
Hafanani na yule aliyeniokoa.