Saa Mbili Kasorobo

Saa mbili kasorobo, Februari, milima ya Odenwald.
Lami imeganda. Natembea kama mtu aliyebeba mayai,
kumbe begini mna karatasi moja tu, yenye mhuri.
Nyuma yangu askari wawili. Yule kijana
anapuliza viganja, ananiuliza kwa sauti ya chini
kama watoto watalia.
Nabonyeza kengele.

Roswitha alifungua, unga mikononi.
Jina lake nimeliandika mara kumi na moja
juu ya bahasha za faini.
Hakunitukana. Afadhali angenitukana.
"Ingieni," alisema, "mnatuletea baridi."

Mezani, mkate uliokatwa vipande kumi na viwili.
Korbinian, miaka sita, alikuwa amekwisha kula
robo na sudusi,
na kidole chake kilikuwa kikihesabu kilichobaki.
Dada yake Almut hakuinua kichwa.
Alikuwa akipanga mifupa ya panya
aliyoichambua kwenye matapishi ya bundi,
utaya, fupanyonga, mbavu kama nyuzi,
na chini ya kila mfupa, jina,
kwa mwandiko mzuri kuliko wangu.

Baba alisimama mlangoni mwa jiko.
"Mtoto si mali ya serikali," alisema.
Wala si mali yako, nilitaka kumwambia.
Nikasoma karatasi kwa sauti, aya ya kwanza,
aya ya pili, kama ninavyolipwa kufanya.

Asiyefunzwa na mamaye, wasema,
hufunzwa na ulimwengu.
Na aliyefunzwa na mamaye, je?
Ulimwengu humfuata nyumbani
saa mbili kasorobo
na askari wawili?

Mimi nilizaliwa kwenye mashamba ya hopsi.
Kila Septemba baba alitufungia nyumbani tuvune,
vidole vyeusi kwa utomvu, daftari juu ya kabati.
Mwaka ule mwalimu Gerhild alikuja kwa baiskeli,
akasimama uani, kiatu kimoja ndani ya mavi ya ng'ombe,
akauliza, "Wiltrud yuko wapi?"
Hakuuliza kingine.
Baba alimtukana hadi mate yakamtoka.
Yeye akarudia, "Wiltrud yuko wapi?"
Sijawahi kusikia jina langu likitamkwa vizuri hivyo.

Na yuko mwingine, ambaye simsimulii mtu.
Ghorofa ya nne, mapazia yameshonwa.
Tuliambiwa anasoma nyumbani, ana bidii.
Tulisubiri barua, tukajibu barua, tukaheshimu faragha.
Tulipovunja mlango alikuwa na miaka saba
na kilo kumi na nne.
Hapakuwa na mkate mezani.
Hapakuwa na meza.

Kwa hiyo ninagonga.
Lakini nyumba haziniambii mapema
ni ipi kati yake,
na sheria haina pua ya kunusa mkate.

Roswitha alimfunga Almut skafu, mara mbili, polepole,
kama mtu anayefunga kifurushi cha safari ndefu,
na shule iko kilomita tatu tu.
Korbinian alichukua kipande kimoja
akamkabidhi yule askari kijana.
"Sasa imebaki nusu," alisema. "Nusu kamili."
Askari akavua kofia. Hakujua aiweke wapi.

Ndani ya gari Almut aliniuliza,
"Huko, kuna mtu anayejua habari za bundi?"
Nilimwambia kuna maktaba.
Alinitazama vile watoto wanavyomtazama mtu mzima
aliyejibu swali jingine.

Fomu ina nafasi ya saa: nikaandika.
Ina nafasi ya sahihi: nikatia.
Ina mistari minne ya maoni.
Kwenye ushoroba wa shule, koti moja jekundu, moja la kijani,
zilitundikwa kwenye misumari isiyo na majina.
Nilitoa kalamu. Nikachana pembe ya ile karatasi yenye mhuri,
nikaandika *Almut*, nikaandika *Korbinian*,
nikabandika.

Maoni sijayajaza hadi leo.