Safu ya Sababu

Nilimpa jina Msiniulize
mwaka ule niliostaafu reli,
majirani wa Isevya walipokuwa wakiuliza
kiinua mgongo kimekwenda wapi.
Sasa wanauliza habari ya manyoya.

Yalianza kudondoka mwezi wa Tano,
kwanza nyuma ya sikio, duara dogo kama shilingi,
kisha kifua, kisha mkia wote
ukabaki kama kamba ya kisima.
Nafagia asubuhi, nafagia jioni,
upepo wa kiangazi unanirudishia mlangoni
vitonge vya rangi ya karanga.

Usiku anajikuna.
Mguu wa nyuma unapiga debe la maji, du, du, du,
na mimi niliyelala miaka thelathini
kando ya mabehewa yanayogongana
sipati usingizi.

Daktari Nyamizi wa mifugo alikuja na pikipiki.
"Anaitwa nani?"
"Msiniulize."
Akanitazama nilivyokuwa nikiwatazama
abiria wasio na tiketi.
Akamkwangua ngozi kwa wembe,
akaenda na ukoko ule kwenye hadubini yake.
Si utitiri. Si fangasi. Viroboto wawili tu,
na hao, alisema, ni wageni wa kawaida.
Akadunga sindano. Akasema tungoje.
Huyo nilimheshimu: alisema "sijui"
bila kupunguza sauti.

Wengine wote wanajua.
Mama Kashindye anajua ni jicho la mtu.
Fundi wa gereji kule Kiloleni anajua dawa ni oili chafu.
Nilimsikiliza fundi, mara moja.
Nilimpaka. Alilia kilio ambacho sijakiandika popote.
Nikamwosha kwa sabuni ya mche, ndoo tatu,
na hata kabla hajakauka alinilamba mkono,
mkono uleule.

Nina daftari. Mazoea ya kazi.
Tarehe, saa, alichokula, nilichompaka.
Mwarobaini, siku kumi: akanuka uchungu, akaendelea kujikuna.
Dagaa wa Kigoma nimewaondoa kwenye ugali wake wiki sita,
na kwa kuwa tunakula sufuria moja
nami sijaonja dagaa wiki sita.
Safu ya mwisho nimeichora kwa rula, kama ile ya stesheni
tulipoandika kilichochelewesha treni:
ng'ombe relini, maji Malagarasi, injini.
Siku nyingine hatukuwa na la kuandika
na treni ilikuwa imechelewa vilevile.
Safu ya Sababu.
Iko tupu, kurasa kumi na moja.

Usiku wa Julai baridi ya Tabora inauma.
Nikachukua shati langu la kazi, la kaki,
nikakata mikono, nikamvalisha
pamoja na vifungo vyake vya shaba.
Watoto wa Mihambo wakapiga saluti:
"Stesheni masta! Treni ya Mpanda saa ngapi?"
Naye akapita katikati yao, kichwa juu,
akasimama, akaketi,
akajikuna juu ya mfuko wa kalamu.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo.
Hawakusema mbwa afanyeje na pale
kati ya mabega, mguu usipofika.
Basi saa tisa usiku natoka bila taa,
nakaa kwenye ngazi, naingiza vidole chini ya kaki.
Ngozi ina joto, ina magamba.
Nakuna polepole, si kwa kucha, kwa ncha za vidole,
na mguu wake unacheza hewani,
unadhani ndio unaofanya kazi.

Jana niligusa kitu laini kama vumbi la pamba
nyuma ya sikio la kushoto.
Huenda ni manyoya. Huenda ni nyuzi za shati.
Sikuwasha taa kutazama.
Nimeandika tarehe tu.