Chumvi Nyingi

Metodi wa ghorofa ya tano alifia kwenye ngazi,
kati ya ya tatu na ya nne, mwezi wa pili.
Lifti ilikuwa imekufa kabla yake, tangu Oktoba.
Viazi alivyobeba vilishuka kimojakimoja
hadi chini kwenye masanduku ya barua.
Tulivisikia. Tukadhani ni watoto.

Wakambandika mlangoni, kama tunavyowabandika wetu hapa Pernik:
karatasi, picha, mwaka wa kuja, mwaka wa kwenda,
*moyo wake mwema umesimama.*
Mwema, ndiyo.
Hakuna aliyewahi kuupima.

Jioni hiyo nikaenda duka la dawa, nikanunua mashine
yenye ukanda wa kijivu. Si kwa ajili yangu.
Kwa ajili ya Stoyko,
aliyechimba makaa miaka thelathini na moja,
shingo kama gogo, uso umeiva,
anayeamka na kuchota maji ya kabichi
kutoka pipa la roshani,
akayagugumia wima, pajama ikimning'inia.
Mzee ni aliyekula chumvi nyingi, husemwa.
Huyu wangu anainywa.

"Utapima?"
Akainamisha kichwa.
Kwetu kichwa kikiinama ni hapana,
kikitikiswa huku na huku ni ndiyo;
mgeni hutuona tukikubali
kila tunachokikataa.

Siku tisa nilimfuata na ule ukanda.
Ya kumi akatoa mkono kama mtu anayelipa faini.
Mia na thelathini na nne kwa themanini na mbili.
Akacheka mpaka akakohoa.
Nami, Mungu anisamehe, nilikasirika.
Betri mbovu, nikasema,
nikajifunga mwenyewe ili kuijaribu.

Mia na tisini na sita kwa mia na nane.

Tena.
Tena, mkono wa pili.
Asubuhi hiyo nilikuwa nimeosha madirisha yote.
Kichwa hakikuniuma. Chai ilikuwa tamu.
Jina langu ni Zdravka, maana yake mzima;
baba alinipa kama mtu anayetia komeo mlangoni
akaenda kulala.

Daktari Encheva, binti mwenye umri wa mjukuu,
akauliza kama kuna kinachouma.
Hakuna, nikasema. Labda taya, upande wa kushoto,
nikifika ghorofa ya nne na mifuko;
nikikaa, linanyamaza.
Ni jino. Nimeling'oa tangu vuli.
Akaiweka kalamu chini.
"Umeling'oa, na bado linauma?"
Ndipo nikasikia ujinga wangu kwa sauti yangu mwenyewe.
"Mama, huo ni moyo.
Na hii ni presha ya kupanda."
Ya kupanda!
Nami napanda tangu Oktoba,
ghorofa sita, mara mbili kwa siku,
nikihesabu pumzi za mume wangu.

Sasa ni yeye anayenifunga ukanda.
Vidole vile vinene, vilivyosimamisha nguzo za mbao
kushikilia mlima usitulalie,
vinapapasa plastiki kama vimepewa kifaranga.
Anaandika namba kwenye kalenda kwa penseli ya seremala.
Mia na sabini na moja. Mia na hamsini na nane.
Siku moja mia na sitini na tisa,
kwa sababu dada yangu alipiga simu.

"Kule chini," aliniambia usiku mmoja, taa imezimwa,
"nguzo haivunjiki kimya. Hulia kwanza, kidogo tu.
Ndiyo maana hatukuwa tunaimba: tulikuwa tunasikiliza."
Akanyamaza muda mrefu.
"Wewe hukulia hata kidogo."

Kabichi anaiosha maji matatu, akilaani kila moja.
Inaonja kama gazeti. Tunaila.
Karatasi ya Metodi imebaki nusu,
mvua imeanzia kwenye tabasamu.
Lifti, wanasema, baada ya Pasaka.

"Umemeza?" anauliza kutoka jikoni,
kisha anakuja kuhakikisha, maana masikio yake
aliyaacha shimoni.
Natikisa kichwa, huku na huku,
huku na huku,
na mtu akipita nje ya dirisha
atadhani bibi huyu anakataa kitu.