Sanduku la Viatu

Juni inaisha, Braga, na tarehe ya kodi inabisha hodi.
Nimemwaga sanduku la viatu juu ya meza ya jikoni:
mwaka mzima umetoka humo, umekunjamana.
Viatu vyenyewe, namba thelathini na nane, vilikufa zamani.
Sanduku lingali kazini.

Mimi huchora bundi, volkano na moyo wa binadamu
kwa vitabu vya watoto wa shule.
Sina bosi. Maana yake nina mabosi kumi na mmoja,
na wa kumi na mbili ni serikali,
yeye peke yake asiyesahau jina langu.

Custódio wa ghorofa ya chini, fundi wa piano, asema:
"Mhasibu wa nini, Idalina? Fomu siku hizi inajijaza yenyewe.
Bonyeza, bonyeza, kubali. Mimi nusu saa na bia moja."
Mwaka juzi nami nilibonyeza, nikabonyeza, nikakubali,
nikayatia mapato ya Ubelgiji kwenye kisanduku kisicho chake.
Faini: yuro mia tatu na kumi na mbili.
Ni bundi sita hao. Wakubwa, na manyoya yao yote.

Bi Zulmira Pacheco ana ofisi juu ya duka la mikate.
Hutoza hamsini kwa mwezi. Unga hautozwi,
hupanda ngazi wenyewe na kuketi juu ya mafaili.
Hamsini mara kumi na mbili:
nimeipiga hesabu pambizoni mwa mchoro wa figo,
nikaifuta, nikaipiga tena. Haikupungua.

Mali bila daftari hupotea bila habari, sawa.
Lakini daftari alishike nani?

Basi nazipanga. Tiketi ya treni, Coimbra kwenda na kurudi:
siku ile mchapishaji alininywesha kahawa badala ya kunilipa.
Wino mweusi, chupa nne: baridi niliyoimaliza nikichora mapango.
Kalamu. Kalamu. Taa ya mezani.
Maegesho ya hospitali, saa tano na dakika arobaini.

Hii imeingiaje? Si gharama ya kazi.
Ingawa nilifanya kazi pale, kwenye kiti cha plastiki,
mfumo wa upumuaji, ukurasa wa hamsini na saba,
mama akipumua upande wa pili wa pazia.
Nimeitafuta fomu nzima. Haina mstari wa jambo hilo.

Nje ni sikukuu ya Yohana Mtakatifu. Moshi wa samaki,
watu wazima wanagongana vichwa kwa nyundo za plastiki
na kucheka. Nimefunga dirisha. Nimelifungua tena.

Jumatatu nikampelekea Zulmira sanduku.
Alilamba kidole, akafunua, akafunua.
"Shughuli yako ndogo," akasema bila kuinua macho,
"hunihitaji kila mwezi. Njoo mara moja kwa mwaka,
mia na hamsini, na usiniletee tena karatasi za duka la dawa."
Mhasibu anayejipunguzia ujira! Nilimwamini papo hapo,
na huenda ndivyo alivyotaka.
Alipofika kwenye maegesho kidole kilisimama.
Nikasema, hiyo nirudishie.
Akanirudishia. Hakuuliza.

Sasa kila anayejiajiri mtaani ananiuliza: tumtafute, tusimtafute?
Sijui. Custódio alirudishiwa pesa zake kabla yangu,
akaja na bia mbili na uso wa ushindi.
Mimi nimelala usingizi wiki nzima, nayo si haba.
Ila mzigo wa kodi ndio aliobeba Zulmira. Mwaka wangu
ilinibidi niusome mwenyewe kwanza, karatasi kwa karatasi,
na karatasi hizi hazidumu.
Ile ya maegesho imeshapoteza saa,
imebaki na jina la hospitali na nusu ya tarehe.
Jana usiku nimeipitishia kalamu, tarakimu moja moja,
kwa wino mweusi, mkono ukiwa mwepesi.

Wino huo nitaudai mwakani. Risiti ninayo.