Nyuzi Tisini

Mguu ulibaki, mwili ukageuka.
Ndivyo ilivyokuwa, si hadithi ndefu:
tenga la chai mgongoni, utelezi wa Machi,
mfereji ambao jana haukuwapo,
na ndani ya goti kitu kikalia *ta!*
kama kijiti kikavu
katika mwezi ambao Tukuyu nzima haina kijiti kikavu.

Jioni goti lilikuwa parachichi.
Asubuhi, papai.

Bi Subilaga wa chumba cha viungo
alichora nyuma ya kadi yangu
mifupa miwili, na kifuniko kidogo mbele yake.
"Hii inaitwa pia," akasema, nami nikacheka,
nikaona pia za kaka zangu, za mti wa mpera,
zikivuma uani.
"Hii haizunguki. Hupanda na kushuka
kama ndoo kisimani, na kamba yake ni paja.
Kamba ikilegea, ndoo hugonga ukuta.
Na goti lenyewe, mama, ni bawaba:
linajua kukunja, linajua kukunjua.
Kusokotwa halikufundishwa."

Akatoa rula yenye kiungo, akanipima.
Nyuzi arobaini na tano.
Nilizaliwa na zaidi ya mia,
sikuwahi kuzihesabu.

Nikapewa kazi ya kuchekesha:
chukua kitenge, kikunje kama ngata,
kiweke chini ya goti, kibonyeze.
Basi. Kibonyeze. Hesabu kumi. Achia.
Mimi, wa kilo thelathini kabla ya saa sita,
nikaloa jasho kwa kukandamiza nguo.

Kisha kisigino ndani ya soksi, sakafuni:
kivute, kisukume,
kivute hadi penye maumivu,
piga hodi, usivunje mlango.
Kisha mguu ulionyooka, uinue,
na mfuko wa chumvi umefungwa kifundoni.
Wiki ya tano paja la kushoto
lilikuwa bado mdogo wake la kulia.

Lakini lipo ambalo rula haikulipima.
Mama mkwe alikuja kutoka Lwangwa na mkungu wake,
nami nikasimama mbele yake kama mlingoti,
nikasema "ndaga, mama"
kutoka juu.
Kwetu mke wa mwana hasalimii kutoka juu.
Akatua mkungu. Akaamkia ukuta.
Siku tatu akisema nami kupitia kwa mtoto:
"Muulize mama yako chumvi iko wapi."

Chumvi ilikuwa mguuni mwangu.

Mtoto akamshika mkono, akamleta nyuma ya nyumba,
akanikuta chali juu ya mkeka,
mguu hewani unatetemeka,
pakiti ya chumvi inaning'inia kama kengele ya mbuzi.
Alitazama muda mrefu.
Alicheka kwanza. Kisha hakucheka.
"Hilo goti ndilo lililokataa?"
"Ndilo, mama."

Yeye ana magoti yanayojua mvua
kabla Mlima Rungwe haujavaa wingu.
Hakuwahi kuyasema; nani angeyasikiliza?
Akavua khanga ya juu, akaikunja,
akakaa mkekani kwa vituo vitatu na yowe moja,
akaiweka chini ya goti, akabonyeza.
Anahesabu kwa Kinyakyusa, harakaharaka,
na saba huiruka. Nikimsahihisha
anasema saba ndiyo inayouma.

Sasa nina nyuzi tisini.
Zinatosha kiti, hazitoshi choo cha shimo,
na za kupiga magoti ni mbali bado.
Ngazi naziimba kimoyomoyo:
kupanda, atangulie mzima;
kushuka, atangulie mgonjwa;
na huku kwetu hata njia ya kisimani ni ngazi.
Nikigeuka, wayo kwanza, goti lifuate.

Asubuhi hii amenisalimu yeye, kutoka kwenye kigoda,
bila kuniangalia, akimenya ndizi.
Nimeitika nikiwa wima.
Kisha akaniuliza mimi, si mtoto,
mboga hii ataiunga na chumvi gani,
na nikaanza kulifungua fundo.