Pembe ya Kusikilizia

Wiki ya tatu sasa Spacio yangu ina kwikwi.
Asubuhi ikiwaka inatetemeka
mpaka kioo cha pembeni kinanichora sura mbili,
na kwenye mwinuko kabla ya Wobulenzi
naikanyaga, inanung'unika, haipandi.
Lori la mananasi linanipita,
utingo ananipungia mkono kama tuko mazikoni.

Ssebuliba, fundi wa stendi, hakufungua hata boneti.
"Sista, injini imekwisha.
Nenda Kisekka, uandae milioni tatu."
Milioni tatu!
Mshahara wangu mimi nauhesabu kwa usiku,
na usiku mmoja ni wanawake wanne
na chai isiyo na sukari.

Jumapili nikaiegesha uani kwetu Bombo,
kati ya kamba ya nguo na banda la sungura.
Fadimula, mwana wa dada yangu,
alikuja na kisomeo alichoazima chuoni.
Kikachomekwa chini ya usukani, kikawaza,
kikatoa herufi moja na tarakimu nne.
"Ni muda wa vali, mama mdogo.
Hazifunguki kwa wakati wake."

Nikacheka. Hilo tu?
Miaka kumi na tisa nawaambia watu: usisukume bado,
bado,
njia haijafunguka.
Kumbe na chuma kina njia yake,
kina saa ya kuvuta pumzi mapema na saa ya kungoja,
na mwenye kauli ni oili,
ikifika au isipofika.

Tukaiacha ingurume taratibu.
Nyaya mbili kutoka kwenye betri
akazigusisha kwenye solenoidi, kando ya kichwa cha injini.
"Kama mambo yako sawa, itababaika."
Haikubabaika.
Ilikuwa kama mtu aliyeitwa akajifanya hasikii.

Basi tuing'oe. Bolti moja tu, spana ya kumi,
na spana ya kumi, kama ada yake, ikapotea.
Robo saa nzima. Sungura alikuwa ameilalia.

Nikaleta pembe yangu, ile ya mti niliyopewa nilipohitimu,
nikaisimamisha juu ya kile kidude mezani,
sikio juu yake, macho nimefumba.
Fadimula akagusa waya.
*Tk.*
Tena.
*Tk.*
"Moyo upo," nikasema. "Damu ndiyo haifiki."

Chujio lilikaa peke yake nyuma ya nati pana,
dogo kama ukucha wa kidole cha mwisho,
limezibwa na uji mweusi mzito kama lami.
Oili ya kupimiwa kwa chupa ya soda, bei poa, kando ya barabara!
Mimi, ninayewafokea wajawazito kwa kukosa kliniki,
nina kibandiko kwenye kioo changu cha mbele:
badilisha oili, Machi.
Machi ya mwaka juzi.
Fadimula alikisoma, akainamisha tochi, akanyamaza.

Petroli kwenye kibakuli, brashi ya meno,
nasugua, nainua juani, nasugua,
hadi nikaona mwanga ukipenya kwenye vitundu.
Kisha oili mpya, kopo lenye lakiri yake.
Ringi ya mpira ikakatika tukiirudisha,
oili ikamwagika hadi kwenye kanga yangu,
tukalala na hasira.

Jumatatu, ringi mpya, shilingi elfu moja na mia tano.
Nyaya tena. Fadimula akagusa.
Ikababaika! Ikatikisika, nusura izime,
nasi tukaruka uani kama wendawazimu.
Hajati Kaltuma akachungulia juu ya ua:
"Mmeliua?"

Usiku nikaenda zamu.
Kwenye mwinuko sikuwa na wa kumpita, barabara tupu.
Nilikanyaga, ikapanda, basi.

Pembe nimeiosha mara tatu, bado inanuka petroli.
Mama wa kwanza alikunja pua:
"Sista, umetoka wapi na hii?"
"Tulia," nikamwambia, sikio langu tumboni mwake.
"Usisukume bado."