Kisu cha Kubebeshea

Uzito wake ni korosho nane za maganda,
nimepima dukani kwa Nampota, mizani haikubisha.
Bapa: kipande cha msumeno wa chuma.
Pini: spoku ya baiskeli, imegongwa mpaka ikanyamaza.
Mpini ni mpingo. Chilumba aliupunguza,
akaupunguza, nikamwambia basi,
akaupunguza tena.

Ukikikunjua kinasema *ta*.
Neno moja tu, kama mkwe.

Asubuhi, Kitangari, nabebesha miche ya mikorosho:
kabari, kikonyo, utepe wa nailoni,
mia na ishirini kabla jua halijakolea.
Utomvu umekula kucha zangu.
Pini haijacheza.

Kasoro kinayo: springi ngumu,
hunibana kidole gumba kila nikikikunja.
Nikamrudishia Chilumba. Akacheka:
Somoe, ndivyo kinavyokuaga.